Mimi Ndiye Niliyeamuru Bahari Ipaliliwe

Songea, Jumamosi ya Januari, jioni

Mvua imeanza kabla sijaamka na mpaka sasa saa moja jioni haijaamua kama inaacha au inaendelea. Milima ya Matogoro haionekani tangu juzi. Nguo nilizofua Alhamisi bado mbichi, nimezitundika ukumbini na nyumba nzima inanuka soksi. Umeme umekatika mara mbili. Naandika kwa chaji iliyobaki, kwa hiyo nikiruka mambo mnisamehe.

Moyo wangu mzito. Siwezi kusema vinginevyo.

Leo saa kumi alasiri, mbali kabisa na hapa, kwenye kijiji kimoja cha pwani huko Mtwara, wanawake walikaa kikao cha kugawana upya maeneo ya kulima mwani. Mama mmoja anayeitwa Bi Somoe jina lake halikuwemo kwenye orodha. Miaka mitatu sasa wenzake wanamhesabu ndiye aliyeiharibu bahari yao. Kama leo asingeandikwa, basi ndiyo ilikuwa imekwisha, kwa sababu maeneo yakishagawanywa hayagawanywi tena. Na mtu aliyekuwa na neno la kumwokoa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa hapa mtaani kwetu Lizaboni, amevaa makandambili, anajifanya ana kazi nyingi.

Mtu huyo ni mimi.

Mnaonisoma hapa mmenizoea kwa mambo ya samadi na mchicha. Sijawahi kuwaambia vizuri nilikuwa wapi kabla sijarudi nyumbani. Nilikuwa afisa ugani wa mradi wa mwani. Ndiyo, mimi, mtoto wa Lizaboni, ambaye bahari ya kwanza niliiona nikiwa na miaka thelathini na moja na nikaogopa kuvua viatu. Wanawake wa kijiji kile waliniita Bibi Shamba. Nililipenda sana jina hilo, nikadhani ni sifa.

Kwa ndugu zangu wa huku juu: mwani ni mmea wa ajabu. Hauna mzizi, hauna ua. Unakata kipande chake, unakifunga kwenye kamba kwa uzi mfupi, kamba unaifunga kwenye vigingi viwili majini, basi. Kinanenepa chenyewe kwa kunyonya maji. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unaanika, wanunuzi wanachukua kwenda kutengenezea dawa ya meno na sijui vitu gani vya kugandisha chakula.

Lakini chini ya hizo kamba, kwenye mchanga, kuna majani mengine. Marefu, ya kijani, yanalala upande maji yanakokwenda. Wenyewe wanayaita majani ya bahari tu. Hayo ni mimea kamili kama mahindi yetu. Yana mizizi, yana shina linalotambaa chini ya mchanga, yanatoa maua humo humo majini. Leo nayajua yote hayo. Siku ile ya kwanza, maji yalipotoka na shamba likabaki wazi, nilichokiona mimi ni magugu.

Niwaeleze nilivyolelewa, halafu mtanielewa hata kama hamtanisamehe. Kwetu sisi mtu hakusifiwa kwa mavuno. Mama anasema mavuno ni ya Mungu, palizi ndiyo yako. Jumapili tukitoka kanisani alikuwa anatupitisha kwa makusudi njia ya mashambani, anaangalia mashamba ya watu kulia na kushoto. Akiona majani yamefika magotini anauliza kwa sauti, "Hapa wanakaa wagonjwa au wavivu?" Tulikuwa tunacheka. Lakini mimi nilikuwa naogopa kuliko kitu chochote siku moja mtu apite kwenye shamba langu aulize hivyo.

Sasa nifikishe mimi pwani, unionyeshe shamba lililojaa majani kutoka kamba ya kwanza hadi ya mwisho. Niliwaonea aibu wale akina mama. Kwa kweli niliona aibu mimi mwenyewe, kama ndiye mwenye shamba.

Bi Somoe ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Wakati ule alikuwa na miaka kama sitini, mwembamba, anaongea taratibu, anatembea ndani ya maji kama wewe unavyotembea sebuleni kwako. Wote mle kijijini yeye ndiye aliyewafundisha kufunga mwani. Nilipomwuliza mbona hawapalilii, alidhani namtania.

"Haya hatuyang'oi, mwanangu," alisema. "Haya ndiyo yanashika mchanga. Samaki kama tasi wanakulia humu, kasa anakula humu. Tena yana maua, subiri bamvua kubwa nitakuonyesha."

Bamvua ni zile siku maji yanapotoka mbali kabisa. Ilipofika alinipeleka kweli. Alinionyesha vitu vyeupe vidogo vinaelea juu ya maji, vingi, kama pumba za mchele kwenye beseni. Akasema hayo ni maua ya yale majani marefu. Mimi nikasema ni povu. Mtu ananionyesha maua, namwambia povu. Kisha nikamwambia maneno ambayo leo yamenirudia mdomoni mbele ya watu, lakini hapo tutafika.

Wanawake wengine niliwaambia kwenye kikao kwamba majani yananyang'anya mwani chakula, kwa hiyo yang'olewe yote. Hawakubisha. Walinyamaza. Sisi huku mtu akikataa unajua amekataa. Wale walinipa chai, wakanipa na muhogo wa nazi, na kesho yake hakuna aliyeng'oa hata jani moja.

Basi nikaenda nyumbani kwa Bi Somoe. Nilikaa kwenye mkeka wake nikamwambia, "Wakisikia kwangu hawatakubali. Wakisikia kwako watakubali. Naomba liwe neno lako."

Akauliza, "Una hakika?"

Nikasema nina hakika.

"Haya. Wewe ni mgeni wetu," akasema. "Siwezi kukuacha uaibike."

Kesho yake akasimama mbele ya wenzake akasema yeye, Bi Somoe, ameamua majani yang'olewe. Jina langu hakulitaja. Waling'oa bamvua mbili mfululizo, kwa mikono na kwa majembe tuliyoyakata mipini, naye akiwa mbele yao. Nina picha bado kwenye simu: nimesimama mbele ya rundo la majani yaliyoanza kuoza, nimetabasamu meno yote nje. Nilimtumia mama picha ile. Akanijibu, "Hongera, shamba limependeza."

Kuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja, wenyeji wakaugua.

Mwezi wa kwanza palipendeza kweli. Mchanga mweupe, kamba zimenyooka, hata wale waliokuwa wananyamaza walianza kuniamini. Halafu pepo zilipobadilika mchanga ukaanza kutembea. Asubuhi unakuta vigingi vimelala, kamba zimejiviringa pamoja. Maji yakachafuka kwa mchanga, mwani ukafunikwa. Tasi waliokuwa wanakula yale majani hawakuwa na majani tena, wakahamia kwenye mwani wetu, wakawa wanautafuna mpaka kwenye uzi. Uliobaki ukawa mweupe, laini, ukiushika unakatika. Kufika msimu wa pili hapakuwa na kitu cha kuvuna. Na wanawake waliokuwa wanaokota chaza na kome pale maji yakitoka wakawa wanarudi na ndoo tupu.

Wakauliza nani alisema majani yang'olewe. Kila mtu alikumbuka. Bi Somoe.

Hapa ndipo sehemu ambayo nimeiruka kwa miaka mitatu. Nilipeleka dhambi zangu zote kwa padri, hata ile ya kumsengenya wifi yangu, hii nikaipitisha chini chini kwa jina la "nimesema uongo mara kadhaa". Padri akanipa sala tatu. Nilitoka pale najijua.

Wiki chache kabla mradi haujafungwa tuliitwa semina mjini Mtwara. Akasimama binti mmoja mtaalamu, mdogo kwangu kwa miaka kumi, akaonyesha picha za majani yale yale. Akasema yanashika mchanga. Akasema samaki wachanga wanakulia humo. Akaonyesha na maua, vile vitu vyeupe vinavyoelea. Maneno ya Bi Somoe, yote, ila hayakuwa na harufu ya bahari. Na mimi nikayaandika kwenye daftari, nikapigia mstari, kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika ripoti ya mwisho nilikuwa najua. Msinitetee kwenye maoni hapo chini kwamba sikujua. Niliandika kwa mkono wangu: "Uamuzi wa kung'oa majani ulifanywa na uongozi wa kikundi." Ripoti ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Mimi nilikuwa nimeshapanda basi la Songea siku mbili kabla. Baadaye nilisikia kwamba Bi Somoe alisimama akasema ni Bibi Shamba aliyemwomba. Wakamwambia anamsingizia mtoto wa watu, karatasi si hii inasema? Akakaa chini. Hakusema tena.

Mimi nikapata kazi hapa, cheo juu kidogo ya kile cha mwanzo, kwa mkuu yule yule aliyesimamia mradi wa mwani, ambaye mpaka wiki hii anaisifu ile ripoti kwamba ilikuwa safi.

Kama wangemvua uenyekiti tu ningejifariji. Kule mwani haufungwi na mtu mmoja. Kamba moja wanakaa wawili kivulini, huyu anaanza kufunga mbegu upande huu, yule upande ule, wanakuja wanakutana katikati. Wakifika katikati magoti yanagusana, na hapo ndipo mazungumzo yanakolea. Ndoa zimepangwa pale, vilio vimeliliwa pale. Mwenzako wa kamba ni zaidi ya jirani. Baada ya ile ripoti hakuna aliyekaa upande wa pili wa kamba ya Bi Somoe. Hawakumtukana hata siku moja. Walikuwa wanamsalimia vizuri, shikamoo, marahaba, kisha wanakwenda kukaa pengine. Alikuwa anafunga upande mmoja mpaka katikati, anainuka, anazunguka, anaanza upande wa pili peke yake. Baadaye akaacha kuja.

Haya niliyajua kwa Mwajuma, binti yake. Hakuwahi kunilaumu. Kila Idi ananitumia salamu. Lakini Alhamisi hii alinitumia ujumbe wa sauti, na nimeusikiliza mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuandika wote:

"Shikamoo dada. Jumamosi saa kumi tuna kikao, yanagawanywa maeneo mapya, kule mbele kwenye maji marefu kidogo. Mama hawajamuandika. Mimi sikuombi kitu, dada. Nakuambia tu kwamba wewe unajua na Mungu anajua. Simu yangu itakuwa wazi."

Ni hilo tu. Hata "wallahi" hakusema, ndiyo maana iliniuma. Mwajuma kwa kawaida anaapa hata akisema chumvi imezidi.

Ijumaa sikula. Nikajipangia sababu, na mimi kwa sababu ni fundi. Kwanza, nikisema, yatafika kwa mkuu, maana huu mradi mpya ninaofanyia kazi ni wa watu wanaojuana. Pili, nina mtoto shuleni. Tatu, Bi Somoe sasa ni mtu mzima, huenda hata maji hayawezi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nijichukie. Nilikuwa nishaanza kumzeesha mtu ili nipate usingizi.

Leo asubuhi mvua ilipopungua kidogo nikachukua jembe nikaingia nyuma ya nyumba kwenye mahindi. Nilikuwa nataka kuchoka tu. Mama akatoka na mwavuli wake akasimama ukingoni kwenye tope.

"Unapalilia nini wakati ulipalilia Jumatano?" akauliza.

Nikaangalia chini. Kweli, hapakuwa na jani. Nilikuwa nachimba udongo mtupu kama kichaa. Nikaanza kulia pale pale. Nikamwambia yote, mvua inanyesha, tumesimama, yeye na mwavuli, mimi na jembe. Nikamwambia na la picha, kwamba alinijibu shamba limependeza. Nadhani nilitaka na yeye abebe kidogo.

Mama ana miaka sabini na minne na hajawahi kuona bahari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilikufundisha kupalilia shamba langu. La watu sikukufundisha. La watu unauliza wenyewe."

Nikasema wenyewe waliniambia.

"Basi hapo huna kesi ya kunipa mimi," akasema. "Piga simu. Saa kumi haikungoji."

Akarudi ndani. Chakula cha mchana tulikula bila kuongea, ugali na maharage, na nilimsikia akitafuna.

Saa kumi kasoro mvua ikarudi kwa hasira. Nyumba yetu ni ya bati bila dari. Mvua ikishika hivyo humsikii hata aliye kitandani mwako. Nikaenda chumbani, haikusaidia. Nikaingia stoo, nikajibanza katikati ya magunia ya mahindi, nikajifunika blanketi kichwani na simu. Nikapiga. Mwajuma akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Dada," akasema. "Subiri nikuweke kwenye sufuria."

Wana mtindo huo, simu inawekwa ndani ya sufuria tupu ili sauti isikike kwa wote. Nikasikia mlio wa sufuria, kisha kimya cha watu wengi. Mwenyekiti wa sasa, Mama Hadija, akasema, "Tunakusikia, Bibi Shamba. Sema."

Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima, marefu. Lakini mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba kila nikianza walisema hawasikii. Ikabidi nipige kelele. Nimeungama leo kwa kupiga kelele, chini ya blanketi, nadhani mpaka jirani wa duka amesikia.

Nikasema: Mimi ndiye niliyesema majani yang'olewe. Bi Somoe alinikatalia. Mimi ndiye niliyemwomba aseme ni neno lake. Na ile karatasi mliyosomewa niliiandika mimi, na niliandika uongo, na nilikuwa najua ni uongo.

Nilidhani simu imekatika.

Halafu Mama Hadija akauliza swali ambalo sikulitegemea. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa kama ya karani. "Bi Somoe alipokukatalia, wewe ulimjibu nini?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Ni zamani. Nani angenishika?

Nikasema, "Nilimjibu: mimi nimesomea kilimo, wewe umesomea wapi?"

Haya ndiyo yale maneno. Nilimwambia mtu wa umri wa kunizaa, tumesimama wawili ndani ya maji, maua yanaelea pembeni ya miguu yetu. Leo nimeyarudia kwa kelele mbele ya wanawake wote aliowafundisha kazi, na yeye mwenyewe yupo pale amekaa. Nilisikia mtu mmoja akivuta pumzi. Mwingine akasema taratibu, "Mh."

Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe kwa muda. Mimi niko kwenye blanketi natoka jasho. Mwisho Mama Hadija akarudi kwenye sufuria. "Tumesikia. Jina lake linaandikwa. Atapewa eneo la kwanza, jirani na langu, na kamba nitakaa naye mimi."

Niseme ukweli wangu wote leo, maana nimeshaanza: pale moyo uliruka. Nilifurahi. Nilijiona kama mtu aliyetua mzigo, nikawa tayari najiona Jumatatu nimesimama mbele ya mkuu, jasiri, sijui nani. Nusu dakika nzima nilikuwa mtu mwema.

Kisha nikamsikia yeye. Sauti ilikuwa mbali kidogo na sufuria, halafu ikasogea.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mvua naisikia. Mnalima?"

"Tunalima."

"Alhamdulillahi." Akaendelea, "Nimekusikia uliyoyasema. Ni kweli yote. Asante."

Nikaanza kumwomba msamaha, akanikata kwa upole, kama unavyomkata mtoto anayetaka kuwamiminia wageni chai wakati haijachemka.

"Hilo tulia kwanza," akasema. Kisha akawageukia wenzake, nikawa nasikia kwa mbali. "Mama Hadija, nashukuru. Lakini mwandikeni Mwajuma. Mimi simo."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mama, imekwisha; mama, yamepita; mama, yule amekiri mwenyewe. Akawaacha waseme mpaka wakanyamaza.

"Bibi Shamba alikuwa hajui," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Nilijua tangu nina meno ya utoto. Na niliinama nikang'oa, kwa mikono hii, nikawaambia na nyinyi mng'oe. Kwa sababu ya kumwonea haya mgeni. Nyinyi mnanisamehe la karatasi. La karatasi mimi sikuwa na shida nalo."

Nilisikia mlio wa sufuria, Mwajuma akaitoa simu. Akasema, "Dada, tutaongea," simu ikakatika.

Nimekaa stoo sijui muda gani. Mama alikuja akafungua mlango, akaniona kwenye blanketi, akafunga tena.

Miaka mitatu nimeamini kwamba kitu nilichomwibia Bi Somoe ni jina lake, na kwamba jina naweza kulirudisha siku nikiwa na ujasiri. Nilikuwa nimeliweka kama akiba. Sikuwahi kufikiri kwamba mwenyewe hana habari na jina, kwamba siku zote hizi alikuwa anahesabu kitu kingine kabisa. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Ameniuliza kama tunalima.

Na mimi nisingeomba ile fadhila kwenye mkeka wake, angekataa tu, kwa utaratibu wake, na majani yangekuwepo mpaka leo. Nilimfanya achague kati ya bahari yake na uso wangu. Akachagua uso wangu. Uso wenyewe ndio huu.

Yule binti mtaalamu alisema majani yale yakishang'olewa na shina lake, yanachukua miaka mingi kurudi, na mahali pengine hayarudi. Pale hayajarudi. Mwajuma alishaniambia. Ndiyo maana wanahamia maji marefu.

Barua kwa mkuu nimeshaiandika, mistari minne, bila maua. Jumatatu saa mbili nitakuwa mlangoni kwake. Naogopa, nisijifanye. Huenda nikarudi nyumbani kuuza mchicha kwa kweli badala ya kuuandika. Lakini barua ile itanyoosha karatasi tu. Ile nyingine, ya majani aliyong'oa kwa ajili yangu, sijui niipeleke kwa nani.

Dakika chache zilizopita Mwajuma ameandika: "Dada, mama amerudi nyumbani ameoga amelala. Hajala. Amesema nikuambie hana kinyongo na wewe. Tafadhali usimpigie."

Sitapiga.

Kesho ni Jumapili. Nitapiga magoti kama siku zote, na kwa mara ya kwanza sijui nitaomba nini.